Meli Isiyopita Marseille

Ubalozi haukumnyima viza. Mtu hanyimwi asichoomba, na Mama Silvère hakuwahi kuomba. Wanaosimulia pale mtaani kwake Niboye, baada ya misa ya pili na kwenye vibaraza vya maduka, kwamba alirudishwa dirishani na karatasi zake mkononi, hawakuwapo dirishani, maana hata yeye hakuwapo. Wala Silvère, mwanawe, hayuko gerezani. Hajalala rumande hata usiku mmoja, si Ufaransa wala pengine popote. Na Connie, bintiye, hakula mchango wa wenzake. Mtoto yule ana kasoro zake, lakini mkono wake ni safi tangu utoto. Wapo wanaoshikilia kwamba lisemwalo lipo. Yako mengi yanasemwa na hayapo kabisa, na anayelijua hilo kuliko wote ni yule ambaye jina lake ndilo linalotafunwa.

Yaliyotokea ni madogo kuliko hayo, ila yanauma zaidi. Na kwa kuwa madogo hayasimuliki vizuri sokoni, watu wamejitungia makubwa.

Jina alilobatizwa nalo ni Immaculée Nyiransabimana, lakini mtaa mzima humwita Mama Silvère, kama desturi ilivyo. Mama hubeba jina la mtoto wake wa kwanza, mtoto huyo awe yuko jikoni anakula au yuko ng'ambo haonekani. Alizaliwa Bujumbura, mtaa wa Ngagara, kwa wazazi Wanyarwanda waliokuwa wakimbizi, na huko alikipata Kiswahili chake mitaani kabla masista hawajampa Kifaransa darasani. Alikuwa mwalimu hukohuko, ndiko alikomzaa Silvère, kisha mkuu wa shule ya wasichana hapa Kigali. Hadi leo wanawake wenye vyeo, wanaoendeshwa na madereva, hukutana naye benki wakasimama wima, “Madamu!”, huku mkono mmoja ukivuta sketi ifike magotini. Mumewe, marehemu Habiyaremye, alikuwa hakimu. Ilikuwa nyumba ya hukumu na maksi: baba aliamua kesi, mama alisahihisha madaftari, na watoto walikua wakijua kwamba kosa halipiti bila kuonekana. Hakuna aliyepigwa humo. Hakuna aliyelala njaa. Watu waliitaja familia ile kwa mfano, na mfano huo haukujengwa kwa siku moja.

Silvère alikwenda Ufaransa kusoma, akabaki. Anaishi Marseille, kazi yake ni lifti. Yeye ndiye huitwa jengo zima linapokwama. Ni kazi ya heshima. Alikuja nyumbani mara mbili, akiwa bado kijana, kisha hakuja tena. Hata baba yake alipofariki, miaka minne iliyopita, hakuja. Ndege zilikuwa zinaruka. Alituma shada la maua lenye utepe, na siku ya kuondoa matanga mama yake alisimama mbele ya ukoo akasema kwamba mkubwa amezuiwa na kazi, ila moyo wake uko hapa. Alilisema kwa sauti ile ya mkuu wa shule, na hakuna aliyeuliza mara ya pili. Silvère hupiga simu kila Jumapili. Huuliza hali ya hewa, huuliza mgongo, na chai haijapoa ameshaaga.

Basi Mama Silvère alipokaribia kutimiza miaka sabini, Connie, binti wa pekee, alikuja na zawadi. Connie ana kazi nzuri kwenye kampuni ya bima na moyo wa kamati. Hakuna harusi ya ukoo asiyoiongoza. Alikuwa ameshawakusanya ndugu na binamu.

“Maman, tunakupeleka baharini. Ulaya. Meli ya kitalii, wiki nzima, unalala humohumo, asubuhi unaamka mji mwingine. Mimi nitakusindikiza. Kazi yako ni kuchagua tu: meli gani, na ipite wapi.”

“Mimi na bahari tuna undugu gani?” alisema Mama Silvère, na alikuwa tayari kukataa. Kisha Connie akamgeuzia kompyuta. Palikuwa na ramani ya bahari ya Mediterania, na juu yake mstari mwekundu uliounganisha nukta: Barcelona, Marseille, Genoa, na kuendelea. Kando ya kila nukta pameandikwa saa ya kufika na saa ya kuondoka. Marseille meli ilifika asubuhi na kuondoka jioni. Mchana mzima.

“Nitafikiri,” akasema Mama Silvère. Alikuwa ameshafikiri.

Hapa inafaa ieleweke jambo moja, kwa wale ambao hawakulelewa hivi. Mzazi wa aina yake haombi kwenda kwa mwanawe. Mtoto ndiye humwalika, humpangia siku, humtumia tiketi ikibidi, na mzazi hukubali baada ya kusitasita kidogo. Mzazi anayejialika amemtangazia mtoto wake mbele ya watu kwamba alisahau wajibu. Ni kumvua nguo. Miaka yote Mama Silvère alingoja mwaliko na haukuja, na kuuomba asingeweza, kama ambavyo asingeweza kwenda sokoni na nguo ya kulalia. Lakini meli ni kitu kingine. Meli ikiwa na njia yake, na njia hiyo ikapita Marseille, hakuna aliyeomba. Angemtumia Silvère ujumbe mfupi tu: Alhamisi nitakuwa bandarini kwenu, ukipata nafasi. Heshima ya mama ingebaki, na ya mtoto ingebaki, na wangeonana.

Kwa hiyo hakutaja jina la mwanawe hata mara moja. Alitaja meli.

Jumamosi iliyofuata Connie alirudi na kompyuta yake, wakaketi sebuleni.

“Tazama hizi za Ugiriki, Maman. Visiwa. Nyumba nyeupe, kuta nyeupe, kila kitu cheupe.”

“Nyumba nyeupe nimekaa nazo Kiyovu miaka yote ya kazi ya baba yako. Hiyo nyingine inakwenda wapi?”

“Ipi?”

“Hiyo uliyoipita haraka.”

“Ah, hiyo.” Connie akairudia kwa kidole kizito. “Barcelona, Marseille, Genoa, Roma... Lakini ni meli ya vijana. Ghorofa kumi na nane! Juu kuna mabomba ya kuteleza majini.”

“Nitakaa chini.”

“Na disko, Maman. Hadi alfajiri.”

“Disko nimezivunja ngapi pale shuleni? Haziniogopeshi.”

Connie akacheka, lakini alicheka kama mtu anayetafuta mlango. Akaileta ya Norwei: meli ndogo, watulivu watupu, wazee wenye miwani, milima inayoingia baharini na maporomoko ya maji.

“Milima?” Mama Silvère akamtazama kwa masikitiko. “Mwanangu, fungua pazia.”

Akaileta ya mto Danube, chumba chenye dirisha kubwa, Viena, Budapesti, muziki wa vinanda kila jioni.

“Mto nimekulia karibu nao. Rusizi ulikuwa na viboko. Huo wenu una nini?”

Ndivyo ilivyokwenda, Jumamosi baada ya Jumamosi. Kila meli aliyoipenda mama ilitia nanga Marseille, na kila iliyotia nanga Marseille binti aliiona ina kasoro. Hii vyumba vya ndani havina hewa. Ile Septemba bahari huchafuka. Nyingine wahudumu hawajui Kifaransa. Mama Silvère aliona ni uvivu wa watoto wa siku hizi, wanaotaka kila kitu kiwe rahisi. Hakuona zaidi, na hilo si la kumlaumu. Nani humtazama mtoto wake kama wakili wa upande wa pili?

Siku moja Connie alitoa silaha yake kubwa. Watu wa rika la Mama Silvère, hasa wa nyumba zenye adabu, hawakulelewa kutafuna mbele ya macho ya watu. Chakula ni cha ndani. Harusini yeye hukaa na soda yake mpaka hotuba ya mwisho, kisha hula kwake, mlango ukiwa umefungwa. Hata Connie alipoolewa, mama yake hakugusa sahani.

“Maman, nilikuwa sijakwambia kuhusu chakula cha hiyo meli,” Connie alisema, akiweka chini kikombe. “Ni watu elfu tano. Kila mtu anajipakulia. Unabeba sahani yako mwenyewe, unapita nayo katikati ya watu waliovaa kaptula, unakaa meza moja na Wajerumani usiowajua. Unatafuna, wanakutazama. Asubuhi, mchana, jioni. Wiki nzima.”

Mama Silvère alijiona: mzee wa miaka sabini, sahani mkononi, mchuzi ukitikisika.

“Basi watapata cha kutazama,” akasema.

Connie akamkodolea macho. Mwanamke aliyekataa kula kwenye harusi ya binti yake wa pekee alikuwa amekubali kutafuna mbele ya watu elfu tano, na binti huyo hakumuuliza ni kitu gani kinachomvuta namna hiyo. Alifunga kompyuta tu, akasema kesho anaamka mapema.

Mwishowe Mama Silvère mwenyewe alitafuta sababu ya kusemeka. Juu ya kilima cha Marseille, alisema, kuna kanisa la Bikira Maria anayewalinda mabaharia. Masista walimsimulia tangu akiwa msichana. Angependa kusali pale.

“Bikira Maria alitokea hata hapa kwetu Kibeho, Maman. Saa chache tu kwa gari.”

“Wa Kibeho tumeshaonana.”

“Kilima kile ni kirefu. Magoti yako...”

“Magoti ni yangu, Connie. Kanisa ni la Mungu. Wewe una nini hapo?”

Habari hazikukaa ndani. Mama Silvère alikwenda soko la Kimironko kuchagua vitambaa, kwa kuwa Connie alimwambia kwamba kwenye meli hizo kuna usiku mmoja wa kuvaa rasmi. Alinunua cha kwake, cha rangi ya zambarau iliyokolea, kisha akasimama kwa muda kwenye meza nyingine akanunua cha shati la mwanamume. Fundi wake, Mrundi mwenye ulimi mwepesi kuliko cherehani yake, aliuliza kipimo.

“Cha marehemu mzee,” alisema. “Unacho bado kichwani?”

“Ninacho, Madamu. Lakini marehemu...”

“Mtoto wake atakuwa na mabega hayohayo.”

Kufikia jioni Kimironko ilijua, na kabla ya Jumapili Niboye ilijua. Mukamana, jirani wa nyumba ya chini, mwanamke ambaye hajawahi kubisha hodi bila kuja na swali, alimkamata nje ya kanisa mbele ya wenzake.

“Mama Silvère! Yewe, tunasikia unakwenda kuogelea na Wazungu!”

“Ninakwenda kutembea. Kuogelea nitakuachia wewe.”

Wakacheka. Mukamana naye akacheka, kisha akashusha sauti kidogo tu, isiwe chini mno. “Na mtoto? Si meli itapita kwake? Atakuja kukupokea bandarini?”

“Meli inakwenda inakokwenda, Mukamana.”

“Nauliza tu, mama wee. Hata wangu wa Kampala, na wala hana cheo, hunipokea stendi kila nikienda. Ananibebea na mkoba.”

Mama Silvère alimtakia Jumapili njema akaondoka na mgongo ulionyooka. Lakini njiani aliamua. Zoezi la kumbembeleza Connie lilikuwa limetosha. Ofisi ya safari ya Shafiq, ambako Connie alikuwa akizitoa hizo meli, anaijua, Kiyovu, chini kidogo ya hoteli kubwa. Shafiq mwenyewe anamjua, kijana wa Biryogo ambaye babu yake alikuja na biashara ya nguo kutoka pwani, na kila mara walipokutana walifurahia kuongea Kiswahili bila kukwama. Jumatatu asubuhi alipanda teksi peke yake.

“Karibu, Mama! Karibu sana.” Shafiq aliinuka akamvutia kiti. “Leo umekuja bila mwenyekiti wa kamati?”

“Mwenyekiti ana kazi. Shafiq, nimeshachagua. Ile inayotoka Barcelona, ya ghorofa kumi na nane. Chumba cha dirisha, upande wowote. Nishikie nafasi mbili leo, halafu unielekeze mambo ya viza.”

Shafiq akaipata kwenye kompyuta, akaitazama, akakuna kidevu. “Mama, hii inaingia Marseille.”

“Najua kusoma.”

“Hapana, samahani, sikuwa na maana hiyo. Ni kwamba...” Akageuza kiti chake, akamwelekea vizuri, kama mtu anayetaka kusaidia. “Umebadili mawazo? Maana Connie alipokuja siku ya kwanza aliniambia neno moja: ‘Yoyote, Shafiq, ila isipite Marseille.’ Ndiyo maana nikawatafutia Ugiriki, Norwei, nikahangaika hadi mito. Mimi nilidhani ni wewe usiyetaka. Nikasema labda Mama ana jambo na mji ule.”

Mama Silvère alikuwa na mkoba wake magotini. Aliufungua, akatazama ndani, akaufunga.

“Alisema hivyo siku ya kwanza?”

“Siku ya kwanza kabisa alipokuja hapa. Kabla sijamtafutia hata meli moja.” Hapo ndipo Shafiq alipouona uso wake. Alimwagizia chai. Mama Silvère alimshukuru, hakuinywa, akamuuliza hali ya mama yake, akamtakia kheri, akatoka. Heshima hiyo Shafiq anaisimulia mpaka leo, na ni yeye pekee mwenye haki ya kusimulia kitu.

Connie alifika Niboye jioni ileile kutoka kazini, bado ana kitambulisho cha ofisi shingoni.

“Shafiq amenipigia.”

“Keti.”

“Maman, mimi—”

“Nimesema keti. Ni wewe usiyetaka nimwone kaka yako?”

Connie akaketi. “Si mimi.”

Mama Silvère alingoja. Darasani alijua kungoja; wasichana wa shule nzima waliogopa ule ukimya kuliko fimbo ambayo hakuwahi kuishika.

“Nilimpigia baada ya kukuonyesha ile ramani ya kwanza, ili tukushangaze pamoja,” Connie alisema. “Nilitaka ratiba ya Marseille, Maman, mimi mwenyewe. Nilitaka ukishuka tu umkute. Nikadhani atafurahi.”

“Alisema nini? Yote. Kama alivyosema.”

“Maman, haina haja.”

“Kama alivyosema, Connie.”

Connie alitazama chini. “Alisema: ‘Haji kuniona. Anakuja kunisahihisha.’ Akasema mchana mzima hawezi. Akasema nikutafutie nyingine, hata nzuri kuliko hiyo, na yeye ataongeza sehemu yake ili upate chumba chenye roshani.”

Nje mtu alipita na pikipiki, taa ikapita ukutani juu ya picha ya hakimu ikaondoka.

“Alisema kwa Kifaransa?” Mama Silvère aliuliza.

“Nini?”

“Maneno hayo. Aliyasema kwa Kifaransa?” Katika nyumba ile Kifaransa kilikuwa lugha ya hasira na haraka, lugha ya kutupa neno na kulisahau. Kinyarwanda kilikuwa cha mambo yaliyopimwa.

“Kwa Kinyarwanda,” alisema Connie.

“Basi alikuwa amefikiri.”

Connie akaanza kulia, na mama yake akamwacha alie, kwa kuwa yeye mwenyewe hakuwa akilia na mmoja alitosha.

“Mpigie, Maman. Usimwambie habari ya meli. Mwambie tu kwamba unatamani kumwona.”

“Hajui?”

“Hujawahi kumwambia.”

“Nani hulisema hilo? Kuna mama anayemwambia mtoto wake kitu kama hicho?”

“Wapo, Maman. Wengi tu.”

“Basi angezaliwa na hao.”

Lilitoka likiwa kali, na hakulirudisha. Connie alijifuta macho kwa kiganja, kama alivyofanya utotoni, na kwa kuwa ni mtu wa kamati akajaribu tena kupanga. Bado kulikuwa na Norwei. Bado kulikuwa na Ugiriki, nafasi zipo, wangeondoka mwezi uleule. Watu wangeona picha, midomo ingefungwa.

“Hapana.”

“Umeshashonewa nguo. Ukoo mzima unajua. Watasema nini?”

“Waambie sikutaka.”

“Watasema ulinyimwa viza.”

“Waseme.” Mama Silvère aliinuka akasogeza pazia, ingawa lilikuwa limefungwa vizuri. “Kila mtu arudishiwe alichotoa, kesho, na kila mmoja ashukuriwe. Na kaka yako asijue kwamba nimejua. Umenisikia? Ukilitoa hilo, usije tena kukaa kwenye kiti hicho.”

“Kwa nini asijue? Pengine akijua—”

“Akijua ataniomba radhi. Atalazimika. Sina kazi na radhi ya kulazimishwa.”

Ndivyo ilivyokuwa. Michango ilirudi kwa wenyewe. Fundi wa Kimironko alilipwa kazi yake yote, akaambiwa lile shati amtafutie mtu mwenye mabega. Siku ambazo meli ile ingekuwa baharini, Mama Silvère alikuwa Niboye, akaonekana dukani, akaonekana misani, akaonekana kwenye umuganda, ile kazi ya mtaa mzima ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, akifagia kando ya barabara pamoja na wenzake, kofia kichwani. Hapo ndipo uzushi ulipopata miguu. Mukamana alianza na ubalozi. Viza ilipochoka, wengine wakaleta gereza: kwa nini mama asiende kwa mwanawe, kama mwanawe anatembea huru? Walioheshimu familia ile walinyamaza, lakini kunyamaza kwao nako kulisikika. Mama Silvère aliyasikia yote. Angeweza kuyakata kwa sentensi moja, kwamba mwanawe yuko huru na mzima na kazini, na kwamba huo uhuru wake ndio aliotumia. Sentensi hiyo hakuitoa. Aliona ni afadhali wamdhanie Silvère mfungwa kuliko wamjue.

Jumapili moja, chai ikiwa mezani, simu iliita kama kawaida.

“Mama, shikama.” Tangu utotoni Bujumbura Silvère alipenda kumtania kwa Kiswahili kibovu cha mtaani.

“Marahaba. Hujambo?”

“Sijambo. Mgongo?”

“Upo.”

“Mvua?”

“Inanyesha.”

Hapo ndipo huwa anaaga. Safari hii hakuaga. Alisikika akivuta pumzi, na nyuma yake mlango wa chuma ukifungwa, labda alikuwa kazini, labda amesimama ndani ya lifti ya watu.

“Connie ameniambia hukusafiri.”

“Sikusafiri.”

“Uliumwa?”

“Sikuumwa.”

“Lakini alisema ulikuwa umechagua meli. Umeshonewa na nguo.”

“Nilikuwa nimechagua.”

Silvère akauliza, kwa sauti ya chini, na alikuwa ameacha Kiswahili cha mzaha, sasa anasema Kinyarwanda, polepole: “Ilikuwa ipite wapi, Mama?”

Mama Silvère alitazama chai. Ilikuwa na utando juu.

“Sikutaka tena kwenda, Silvère.”

“Lakini kwa nini? Kuna mtu alikwambia kitu?”

“Nimesema sikutaka. Sina la kuongeza.”